Massa hakuishia Hungaria

Ndugu yangu, unasema Felipe Massa, dereva wa mbio za magari za Formula 1, aliisha siku ile kule Hungaria springi ilipompiga kichwani. Siafiki yote. Kweli, Julai 2009 springi iliyochomoka kwenye gari la dereva mwingine, Barrichello, ilimpiga juu ya jicho la kushoto, na tangu hapo hakushinda tena hata mbio moja, yeye aliyekosa ubingwa wa 2008 kwa pointi 1 tu! Lakini aliporudi 2010 alimkuta dereva Alonso ndani ya timu yake ya Ferrari. Kule Ujerumani, mwaka mmoja kamili tangu ajali, alikuwa anaongoza, akatakiwa ampishe Alonso. Hilo humvunja mtu moyo hata kama kichwa ni kizima. Na 2014, akiwa timu ya Williams, Austria alianza wa kwanza. Kasi ilikuwepo.

Ila sikatai kwamba huenda kuna kitu kilibaki. Mdogo wangu alianguka na bodaboda hapa Buxton, Mombasa. Kovu limefunga vizuri, nywele zimeota, lakini honi za matatu zikizidi pale Mwembe Tayari, hushika ukuta, akafumba macho, nami humsubiri mpaka aseme twende.