Maswali na majibu: nguo zilizochakaa twende nazo wapi?

Mvua zikikaribia, watu hapa Bukavu hufungua masanduku na kupunguza nguo. Ndiyo maana safari hii maswali mengi yanahusu nguo kuukuu. Nimechagua haya matano.

Mwanangu anaishi Ubelgiji. Anasema kule maduka ya misaada hupokea hata nguo zilizotoboka. Mbona parokia yetu imenirudishia mfuko? (Mama, Bagira)

Mama, yapo maduka ya namna hiyo, ila duka la kule lina mnunuzi nyuma yake. Nguo nzuri huuzwa dukani, na pesa huenda kwenye kazi ya msaada. Zisizouzika hununuliwa kwa kilo na wafanyabiashara wanaozichambua: nyingine hufungwa mabalo, yaani mafurushi makubwa, na kusafirishwa, nyingine hukatwa matambara ya viwandani, nyingine hupasuliwa zirudi kuwa nyuzi za kujazia magodoro. Ni kazi ya zamani. Mwaka 1813 huko Batley, Uingereza, Benjamin Law alianza kusaga matambara ya sufu na kuyachanganya na sufu mpya, akafuma kitambaa. Na tangu 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo na vitambaa mbali na takataka nyingine.

Parokia yako haina mashine wala mnunuzi huyo. Ikipokea nguo zilizotoboka, akina mama wanaojitolea ndio watakaochambua, wabebe, na walipe wa kuzitupa. Mimi nawaunga mkono.

Nauza nguo za chagua (mitumba) hapa Kadutu. Nafungua balo nakuta mashati yenye madoa na suruali zilizopasuka. Zinatoka wapi?

Zinatoka katika mifuko hiyohiyo ya msaada, dada. Mtu wa Ulaya aliitoa nguo kwa moyo mweupe, mchambuaji akapita haraka, na hasara ikakuangukia wewe, kwa kuwa balo hununuliwa likiwa limefungwa. Jambo hili linaniuma, maana mtaji wako mara nyingi ni deni la likelemba, ule mchango wa kupokezana.

Jirani zetu wa Rwanda mwaka 2016 walipandisha ushuru wa nguo hizi kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Siombi hivyo kwetu. Nyumba nyingi za Kadutu zinakula kwa balo. Ninachodai ni uchambuzi wa kweli kabla nguo haijapanda meli. Wewe kwa upande wako, zile mbovu usizitupe: soma jibu la nne.

Nitajuaje kwamba nguo inafaa kutolewa?

Ungemvalisha mwanao akaenda nayo misa ya Jumapili? Basi itoe. Ifue, ianike mpaka ikauke kabisa, kwani nguo moja yenye unyevu huotesha ukungu mfuko mzima. Viatu vifunge jozi kwa jozi. Chupi zilizovaliwa baki nazo.

Tena uliza kwanza. Moto ukiunguza nyumba za mbao, watu hukimbia na makoti ya suti na viatu virefu, wakati familia inatafuta sweta za watoto, blanketi na vikwembe (vitenge). Aliyeunguliwa nyumba bado ana heshima yake.

Zilizochakaa kabisa, nichome? (Kijana, Panzi)

Usichome. Poliesta ni plastiki. Moshi wake ni mbaya, na nyumba zetu zimebanana, watoto wanauvuta. Usitupe mtoni pia: uchafu wa mto Kawa unashuka ziwa Kivu, na takataka za ziwa zinakwenda kuziba mitambo ya umeme ya mto Ruzizi, tukabaki gizani.

Tenganisha nguo kwa aina ya kitambaa. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio, uwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huwaka kama karatasi, kwa harufu hiyohiyo, na majivu yake ni laini. Poliesta huyeyuka, ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Nyuzi zilizochanganywa huonyesha yote mawili, na hizo ndizo zinazosumbua hata viwanda vikubwa, kwa sababu ni kazi ngumu kuzitenga.

Pamba hunywa mafuta na maji, kwa hiyo mafundi wa gereji na wanaoosha pikipiki wanaihitaji. Toa vifungo na zipu umpe fundi cherehani, kata vipande vya ukubwa wa taulo ndogo, useme wazi kwamba ni matambara. Fulana za pamba na shuka kuukuu ndizo bora. Poliesta hainywi, ikate vipande vidogo ujazie mito, au uisuke zulia la mlangoni. Shuka ya pamba iliyo safi inafaa pia kwa vitambaa vya hedhi, mradi vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, si kufichwa chini ya godoro.

Mama yetu amefariki. Dada yangu anataka kugawa nguo zake zote wiki hii. Mimi sina nguvu.

Poleni sana. Hakuna haraka. Nguo zilizofuliwa na kukaushwa zinakaa sandukuni bila kuharibika, basi mwombe dada yako asubiri mpaka matanga yaishe na familia ikae pamoja. Kila mtoto achague kwanza kikwembe kimoja. Vilivyochakaa pembeni havijafa: fundi anaweza kukata sehemu nzima na kuwashonea wajukuu foronya au mbeleko. Vilivyobaki mpeni mtu mnayemjua, tena mwambieni vilikuwa vya nani, ili akubali au akatae mwenyewe.