Re: Namba ya simu ya nilikotoka inaniharibia kwenye CV?

Habari ndugu. Umeuliza kama namba ya kule ulikotoka inaweza kukukosesha usaili kwa vile ushahamia mji mwingine. Kama ni nchi ile ile na msimbo tu (zile tarakimu za mwanzo za namba) ndo wa eneo lingine, mi nasema iache, watu wanahama na laini zao kila siku. Angalia kwanza hapo juu ya CV, mji unaoishi sasa umeuandika? Maana msomaji akikuta namba ya mbali na mji hauonekani popote anajua hujahama bado, anakuweka pembeni. Nimewahi kukaa kwenye kuchambua maombi na swali lilikuwa hilo tu, "huyu yuko wapi?", namba hakuna aliyeijadili.

Ila ikiwa ni namba ya nchi nyingine aisee tafuta laini ya hapo ulipo, kupiga nje ni gharama na simu nyingi za ofisini zimefungiwa. Ikishindikana iandike nzima, alama ya + na msimbo wa nchi, na kwa nchi nyingi ile sifuri ya mwanzo unaitoa.

Na ukibadili laini, ya zamani usiizime, kuna maombi ushayatuma nayo.