Maswali Yenu: Joto la Maji Kwenye Tangi la Matumbawe

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nina tangi la matumbawe la lita 200 sebuleni, Area C. Oktoba, saa tisa alasiri, maji hufika nyuzi 29. Julai alfajiri hushuka hadi 21. Fundi ananishauri ninunue chila, yaani mashine ya kupoza maji, lakini bei yake kubwa. Je, naweza kufanikiwa bila chila? Na nilenge nyuzi ngapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu yetu, chila iache kwanza. Lenga nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi, na tofauti ya usiku na mchana isizidi nyuzi moja. Matumbawe huvumilia 24 na hata 27 maji yakitulia hapo. Kinachoyaumiza ni kupanda na kushuka kila siku, au joto la 29 na 30 linalodumu: tumbawe huutema mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha, likabaki jeupe.

Hewa ya Dodoma ni kavu, na hiyo ndiyo nguvu yako. Ondoa kifuniko cha kioo, weka wavu ili samaki wasiruke nje, kisha elekeza feni ndogo ipulize kwa mshazari juu ya maji. Lita moja ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kushusha lita 200 kwa karibu nyuzi tatu. Pwani, penye unyevunyevu mwingi, feni haisaidii hivyo. Taa nazo zianze jioni ziishie usiku, zisiongeze joto la alasiri.

Ila feni inakula maji, na chumvi haiondoki na mvuke. Ukipoteza lita 4 bila kujazia, chumvi hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 35.7. Jazia kila siku, kwa maji yasiyo na chumvi yaliyopita kwenye chujio la RO, yaani linalosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi na madini. Maji ya kisima ya hapa yana madini mengi. Ukijazia hayo, madini yatarundikana mwezi hadi mwezi.

Kwa Julai, tumia hita mbili za wati 100, si moja ya 200. Hita huharibika mara nyingi kwa kugoma kuzima. Moja ndogo ikigoma haitayachemsha matumbawe upesi, na moja ikifa, nyingine itashikilia. Zote ziendeshwe na themostati ya nje, yaani swichi inayojiwasha na kujizima kufuata joto la maji, kihisio chake kikiwa penye mkondo, mbali na hita. Panga hita ziwake kwenye 25.0 na kuzima 25.4, feni iwake 26.0 na kuzima 25.8. Usiifute nafasi iliyo katikati, la sivyo feni na hita zitashindana na bili ya umeme itapanda. Swichi za joto zilizo kwenye hita zenyewe ziweke 26.5, ziwe kinga themostati ikifeli. Hakiki kwa kipimajoto cha pili.

SWALI: Umeme ukikatika usiku wa baridi nifanyeje?

JIBU: Hofu ya kwanza ni hewa, si baridi. Washa mara moja pampu ya hewa ya betri. Kisha zungushia tangi blanketi ubavuni, juu pabaki wazi, na weka zielee majini chupa zilizofungwa zenye maji ya uvuguvugu. Usimwage maji ya moto ndani.