Usiiguse namba: kwa nini vifungu vya mkataba vinarukaruka kwenye Word

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi ya mawakili hapa Arusha. Nina rasimu ya mkataba wa upangishaji wa jengo, kurasa 62, iliyopita mikononi mwa watu watano. Kifungu cha 8 kina vifungu vidogo hadi 8.4, halafu kinachofuata kinajiandika 8.1 tena. Nikibofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua namba iendelee, kinakaa sawa, lakini kifungu cha 11 kinavurugika. Nikitengeneza cha 11, cha 8 kinarudi kule kule. Kijana wa steshenari ameniambia Word yangu imechoka, nizime namba za kujiandika zenyewe nichape kwa mkono. Mkataba unasainiwa wiki ijayo. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, dada. Word yako haijachoka, kompyuta haina virusi, na wala si kwamba leo umebofya pasipofaa. Kasoro iliingia kwenye hati hiyo zamani, pengine siku mmoja wa hao watu watano alipobandika vifungu alivyovitoa kwenye mkataba wa mteja mwingine.

Nimeandaa hati za kisheria kwa miaka mingi, na hakuna linalonichosha kama imani kwamba namba iliyokosea inatengenezwa pale pale ilipoonekana. Watu wenye akili zao, wanaoweza kukutungia kifungu cha usuluhishi kisicho na upenyo hata wa sindano, wakiona 8.1 mahali pa 8.5 wanaiendea hiyo namba kwa kipanya kama mtu anayefuta vumbi kwenye meza. Namba haimo kwenye maandishi. Jaribu kuifuta herufi kwa herufi kama unavyofuta neno, utaona haikubali. Word inaihesabu upya kila wakati, na ili iihesabu inatazama mambo mawili: aya hii ni ya orodha ipi, na iko ngazi ya ngapi.

Fikiria watoto wa shule wanaojihesabu mstarini asubuhi. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu anayefuata anasema kwa sauti, "Mmoja!" Mwalimu mzuri hamfundishi huyo mtoto kusema "wa tano". Anauliza mtoto huyu ni wa mstari gani, kwa sababu ni dhahiri amesimama hapa lakini anahesabiwa na mstari mwingine.

Unaweza kujithibitishia mwenyewe sasa hivi. Bofya mara moja juu ya namba 8.4. Itapakwa kijivu, na pamoja nayo namba zote za ngazi hiyo zilizo kwenye orodha moja nayo. Sasa itazame ile 8.1 ya pili. Kama haikupakwa, umeshapata mtoto wa mstari mwingine. Bofya na za kifungu cha 11 uone ziko upande gani.

Na ile menyu ya kitufe cha kulia unayoitegemea ndiyo inayokuza ugonjwa. Ukichagua namba ianze upya, Word inaitengenezea aya hiyo orodha mpya, iliyofichika, inayohesabu kivyake. Ukichagua iendelee, inaing'oa aya kwenye orodha yake na kuitundika kwenye iliyotangulia. Kila mbofyo ni kiraka. Mbofyo wako wa kifungu cha 8 unabadilisha nani anahesabiwa na nani, na wa kifungu cha 11, aliyekuwa akitegemea hesabu ya zamani, anabaki hewani. Ndiyo maana unazunguka.

Ukitaka kuuona uozo wenyewe, chukua nakala ya hati (nakala, tafadhali, isiwe hati yenyewe), badilisha mwisho wa jina lake kutoka .docx kuwa .zip, kisha uifungue. Hati za .docx zimejengwa hivyo tangu Word 2007: ni mfuko uliobanwa wenye mafaili ndani. Ingia kwenye folda iitwayo word, utakuta faili la numbering.xml. Humo ndimo orodha zote zinamoishi. Mkataba uliojengwa vizuri unahitaji orodha moja ya vifungu, labda na nyingine mbili tatu za viambatisho. Mimi nimewahi kufungua hati ya vifungu visivyofika 50 nikakuta humo orodha zaidi ya 200. Hapakuwa na fundi wa kubofya ambaye angeituliza hati ile.

Sasa kazi. Kama kuna masahihisho ya rangi yanayosubiri kukubaliwa, mwombe wakili ayakubali au ayakatae kwanza, kwa sababu kifungu kilichofutwa kwa rangi bado kipo hadi ufutaji wake ukubaliwe. Hifadhi nakala. Kisha amua ngazi zako na usizibadilishe tena: kifungu ni ngazi ya 1, kifungu kidogo cha 8.1 ni ngazi ya 2, aya ya (a) ni ya 3, aya ndogo ya (i) ni ya 4. Word ina ngazi 9, lakini mkataba unaofika ya 6 una tatizo la uandishi ambalo Word haiwezi kulitibu.

Ngazi hizo uzifunge kwenye staili, yaani mipangilio ya aya iliyopewa majina, ambazo Word inakuja nazo, kuanzia "Heading 1" hadi "Heading 4". Najua utasema hizo ni za vichwa vya habari, zina rangi ya bluu na maandishi makubwa. Muonekano unabadilishwa kwa dakika mbili. Thamani yake ni kwamba Word inazitambua kama mifupa ya hati, na namba zikishikamana na mifupa hazitetereki kirahisi.

Weka kishale kwenye kifungu cha kwanza, ukiwa umekipa "Heading 1". Kwenye kichupo cha Home kuna vitufe vitatu vya orodha: cha vitone, cha namba, na cha tatu kinachoitwa "Multilevel List". Viwili vya kwanza visahau kabisa kwa kazi hii. Fungua cha tatu, shuka hadi "Define New Multilevel List", kisha bonyeza "More" ili dirisha lifunguke lote. Watu wengi hawabonyezi hapo, na mambo yote ya maana yamefichwa huko. Kwa kila ngazi tafuta "Link level to style" uichagulie staili yake. Ngazi ya 2 ianze upya baada ya ngazi ya 1, ya 3 baada ya 2, ya 4 baada ya 3. Ujongezaji wa pambizo nao uupange humo humo dirishani. Ukiupanga kwa kuvuta rula juu ya ukurasa, utakuwa umeanza tena kuweka viraka.

Hilo linafanyika mara moja tu, katika dirisha moja, kwa ngazi zote nne. Ukirudi kesho ukatengeneza orodha nyingine kwa ajili ya kifungu cha 11 peke yake, umejirudisha ulikotoka.

Kisha pita aya kwa aya. Ctrl na Q huondoa viraka vya aya na kuirudisha kwenye staili yake. Ctrl, Alt na 1 huipa ngazi ya kwanza, na 2 ya pili, na 3 ya tatu. Ya nne uichukue kwenye orodha ya staili. Ukikuta namba iliyochapwa kwa mkono, ifute. Kurasa 62 zitakuchukua siku moja, na kama ofisi ina kijana wa kukusomea, chini ya hapo. Kuanzia siku hiyo, kila unachokileta kutoka hati nyingine kibandike kama maandishi matupu, kisha ukipe staili ya hapa. Ukikibandika pamoja na umbo lake, kinaweza kuja na orodha yake kama mgeni anayekuja na godoro.

Hayo ndiyo matibabu. Lakini nirudi kwa kijana wa steshenari, kwa sababu ushauri wake nausikia kila mahali, na madhara yake nimeyaona.

Kuchapa namba kwa mkono kunaonekana kuwa salama kwa sababu namba inatulia. Tatizo ni kwamba mkataba hausomwi kwa namba za pembeni peke yake. Ndani ya maneno yake kuna marejeo: "kwa mujibu wa kifungu cha 8.2(a)", "bila kuathiri kifungu cha 11". Namba ni anwani. Mwanasheria akitaja Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania, anampeleka msomaji moja kwa moja kwenye haki ya kusikilizwa kikamilifu, ngazi tatu katika pumzi moja. Anwani ikikosewa, mtu anagonga mlango wa jirani.

Mteja mmoja aliniletea mkataba wa upangaji uliokwisha kusainiwa. Kifungu cha kuvunja mkataba kilisema notisi itatolewa "kwa namna iliyoelezwa katika kifungu cha 14.2". Wakati rasimu ya kwanza inachapwa, 14.2 kilikuwa kweli kifungu cha notisi. Baadaye mtu akachomeka kifungu kipya juu yake, akazichapa upya namba za pembeni kwa uangalifu mkubwa, na notisi ikawa 15.2. Rejeo hakulikumbuka. Siku ya ugomvi, 14.2 kilizungumzia kupaka rangi kuta. Pande mbili zilikaa wiki kadhaa zikibishana juu ya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulikusudia.

Kwa hiyo marejeo nayo yasichapwe. Kwenye kichupo cha References kuna "Cross-reference". Chagua kifungu kwenye orodha, na uombe namba kamili yenye ngazi zote, ili upate 8.2(a) badala ya (a) tupu. Vifungu vikihama, Ctrl na A halafu F9 husahihisha marejeo yote ya mwili wa hati. Tanbihi na vichwa vya kurasa vina hesabu yao. Viingie na kuvibonyezea F9 peke yake. Kifungu kilichorejewa kikifutwa, ukibonyeza F9 Word itaandika mahali pa rejeo kwa herufi nene neno "Error!", na watu hulichukia neno hilo bure. Linakupigia kelele ukiwa ofisini. Namba iliyochapwa kwa mkono ikikosea inanyamaza hadi mahakamani.

Kuna na fundi wa aina ya pili, huyu anajiona mjuzi zaidi. Atakuambia "gandisha" hati kwa Ctrl, Shift na F9 kabla ya kuituma. Sikiliza inachofanya hiyo: inageuza marejeo kuwa maandishi ya kawaida, lakini namba za vifungu haizigusi. Umekata uzi unaounganisha viwili, kimoja kimekufa na kingine bado kinatembea. Mtu wa upande wa pili akiongeza kifungu kimoja tu, marejeo yote ya vifungu vilivyo chini yake yanadanganya, na hakuna alama ya kukuonya.

Wa tatu anageuza hati kuwa PDF kisha anairudisha kuwa Word, anakuambia imesafishika. Imesafishika kwa maana kwamba staili zimevurugwa na namba mara nyingi zinarudi zikiwa herufi za kawaida zilizochapwa mwanzoni mwa mstari. Unaipokea imetulia, unamlipa, na wiki inayofuata wakili anaongeza kifungu kimoja.

Hawa wote wanauza utulivu wa leo. Nimeona tasnifu zilizopoteza mpangilio wa sura usiku wa kuamkia kuwasilishwa, zabuni ambazo majibu hayalingani na namba za masharti, katiba za vikundi vya akiba na mikopo ambamo wanachama wanasoma ibara moja na mwenyekiti nyingine. Hati ndefu inayotarajiwa kubadilika haitakiwi kukabidhiwa kwa mtu ambaye dawa yake ya kwanza ni kuzima namba. Muulize swali moja kabla hujampa kazi: namba hizi umezifunga kwenye staili gani? Akikutazama kama umesema Kigiriki, chukua flashi yako uondoke.

Mahali pamoja tu namba inachapwa kwa mkono kwa haki, nako ni baada ya kusainiwa. Anwani zikishatumika, hazihamishwi. Katiba yetu ina Ibara ya 107A na 107B kwa sababu hiyo: zilipochomekwa, 108 na zinazofuata zilibaki mahali pake. Ukiandaa nyongeza ya mkataba uliokwisha kusainiwa, kifungu kipya baada ya 8 ni 8A, na hicho kipe staili yake isiyo na hesabu, uandike namba mwenyewe.

Rasimu yako haijafika huko. Ukimaliza kuijenga upya, bonyeza Ctrl na A, F9, kisha tafuta neno "Error!" hadi lisipatikane. Halafu chapisha kurasa zote 62. Mwenzako asome kwa sauti kila rejeo, wewe ufuate kwa kidole hadi kwenye kifungu chenyewe na usome kinasema nini. Asubuhi moja inatosha.