Geuza upande wa pili: jibu kwa ndugu anayetafuta albamu zilizosahaulika

Ndugu uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Una miaka 22, simu inakuchezea nyimbo zilezile kila asubuhi, na unataka albamu ambazo hazikuvuma ila zilibadilisha muziki. Umeomba orodha. Mimi orodha sikupi, na nitakueleza kwa nini.

Nilianza na orodha. Nilikuwa natoka mtaa wa Umoja kwenda katikati ya Nairobi kila siku, nikaamua foleni ya Jogoo Road itakuwa darasa langu: albamu moja asubuhi, nyingine jioni, kama mtu anayemeza dawa. Mwaka ulipoisha nilijua majina mengi sana, lakini hapakuwa na albamu hata moja niliyoipenda kwa moyo.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa soko la Gikomba aliyeuza redio mbovu na santuri chakavu, upande ule ambao nyundo za mafundi wa mabati hazinyamazi. Niliokota santuri ndogo ya benga, ule muziki wa gitaa wa Waluo, nikamwuliza bei. Hakunitajia bei. Aliichukua, akaifuta ile karatasi ya katikati kwa kidole gumba, akaniambia, "Mwimbaji unamjua. Sasa huyu hapa chini ni nani?" Nikasoma: Kanindo. Sikumjua. "Basi hujasoma santuri," akasema, akanirudishia.

Nilipofika nyumbani nikaipiga. Upande wa kwanza ulikuwa wa kuimba tu, sauti mbili zinapokezana polepole, kisha ghafla ikakatika. Nikadhani ni mbovu. Kumbe wimbo ulikuwa haujaisha, umegawanywa mara mbili kwa sababu santuri ndogo haitoshi dakika zote. Nilipogeuza, gitaa la solo likaingia peke yake, noti moja moja kavu kama nyuzi za nyatiti, kinubi cha Waluo, besi ikilifukuza kwa nyuma, na hakuna aliyerudi kuimba mpaka mwisho. Utamu wote ulikuwa huko. Niliipiga upande huo hadi mama akabisha mlango.

Ndipo nikamtafuta Kanindo. Ni Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyewarekodi wanabenga wengi miaka ya 1970. Santuri zake zilifika Zimbabwe, na huko watu wakazipenda hata mtindo wenyewe wakauita kanindo. Jina lililoandikwa kwenye karatasi ya santuri likageuka jina la muziki! Na muziki wa Wazimbabwe uitwao sungura, ukisikiliza gitaa zake kwa makini, utasikia damu ya benga inatembea mle ndani. Sasa niambie, ni orodha gani ya albamu mia bora ingenifikisha hapo?

Kwa hiyo jibu langu ni hili: fuata majina ya watu. Soma nyuma ya jalada, au kama unasikilizia kwenye simu, fungua ile sehemu inayoonyesha waliotunga na waliotayarisha. Chagua jina moja usilolijua, ulifuate mpaka likupeleke kwa jingine.

Mfano wa karibu. Mwaka 2018 mpwa wangu alinichezea "Yikes" ya mwanarapu Kanye West. Kuna sauti pale chini, imekunjwakunjwa, nikajua nimewahi kuisikia. Nikafungua majina ya watunzi, nikakuta James Mbarack Achieng' na Ayub Ogada. Ogada nilikuwa namjua kwa "En Mana Kuoyo" ya 1993, albamu ya nyatiti na sauti ya upole iliyotolewa na lebo ya Real World ya Uingereza. Mle ndani kuna "Kothbiro", maana yake kwa Kijaluo mvua inakuja. Lakini kipande alichoazima Kanye kimetoka kwenye rekodi ya zamani zaidi ya wimbo huohuo, ya Black Savage, bendi ya vijana wa hapahapa Nairobi, mwaka 1976. Nililia kidogo, sifichi. Miaka 42 rekodi ile ilikaa kimya, na sisi tuliozaliwa mji uleule tukangoja Mmarekani atuonyeshe.

Uzi mwingine ulinivusha mpaka Zambia. Bendi ya Wazambia, Musi-O-Tunya, ilikaa Nairobi na kurekodi huku, albamu yao "Wings of Africa" ikatoka 1975. Ukiwafuata wao unaingia kwenye kile kinachoitwa zamrock: gitaa zenye mkwaruzo mzito, ngoma za nyumbani, vijana wa miji ya migodi ya shaba. Sikiliza albamu "Lazy Bones!!" ya bendi ya WITCH na "Africa" ya bendi ya Amanaz, zote za 1975. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, yaani jina la Mick Jagger wa Rolling Stones lililopewa ulimi wa Kiafrika. Bei ya shaba ilipoanguka uchumi ukabanwa, baadaye ukimwi ukawamaliza wanamuziki wengi wa kizazi kile, na muziki ule ukazimika kwa miongo kadhaa hadi lebo za ng'ambo zilipoanza kuutoa upya. Mimi naiweka "Africa" ya Amanaz juu ya albamu nyingi za roki za Marekani za miaka ileile. Wenye kubisha wabishe.

Jambo la pili, usidharau upande B, yaani upande wa pili wa santuri. "Soul Makossa" ya Mkameruni Manu Dibango ilikuwa upande wa pili wa wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Kameruni, 1972. Wimbo wa mpira nani anaukumbuka leo? Upande wa pili ulimfikia DJ David Mancuso wa New York, ukawasha klabu za huko, na mwaka 1982 Michael Jackson akaimba maneno yake. Vivyo hivyo "Amen, Brother" ya bendi ya Marekani The Winstons, 1969, upande B. Mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake kwa sekunde zisizofika kumi, na sekunde hizo zimekatwa na kupachikwa katika maelfu ya nyimbo, hadi mtindo mzima wa muziki wa dansi wa Uingereza uitwao jungle ukasimama juu yake. Coleman hakulipwa kwa hilo. Ndiyo maana nasisitiza majina.

Tahadhari moja kuhusu neno albamu. Huku kwetu miaka ile watu walinunua santuri ndogo, si albamu. Ukitafuta albamu kamili za benga au rumba ya Nairobi utaambulia mikusanyo, na si vibaya. Ketebul Music, studio ya Nairobi, walitoa "Retracing the Benga Rhythm" mwaka 2008, kitabu pamoja na muziki wake. Anzia hapo. Kwa jirani zetu wa Ethiopia kuna mfululizo wa mikusanyo uitwao Éthiopiques ulioanza 1997. Toleo la nne ni la mwanajazi Mulatu Astatke, na ukishalizoea rudi kwenye albamu yake "Mulatu of Ethiopia" ya 1972.

Kusikiliza nako kuna adabu yake. Albamu moja kwa wiki inatosha. Mara ya kwanza acha ipite tu. Mara ya pili fuata besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara ya tatu weka simu chumba kingine. Kama bado haijakushika, iache, rudi baada ya mwaka. Mulatu alinichukua miaka miwili.

Santuri zenyewe utazipata Kenyatta Market hapa Nairobi, ndani kabisa, ukishapita moshi wa nyama choma na wasusi. Nenda asubuhi kabla ya msongamano, na beba kitambaa laini cha kufutia. Usinunue kabla ya kuinamisha santuri kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba haina shida, ila ule unaonasa ukucha utarusha sindano.

Na ukikutana na santuri ya Black Savage ya 1976, hata ikiwa haina jalada, tafadhali niandikie siku hiyohiyo. Ninayo kwenye simu tu. Ile karatasi ya katikati sijawahi kuisoma.