Maswali ya Wasomaji: Nani Huunda Serikali ya Jimbo Nchini India?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma kwamba katika majimbo ya India Gavana ndiye anayewateua na kuwaapisha mawaziri, ilhali habari zote humtaja Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, kuwa ndiye aliyewachagua. Mwenye madaraka hasa ni nani? Na je, idadi ya mawaziri ina kikomo?

JIBU: Ndugu msomaji, yote mawili uliyosoma ni sahihi. Ibara ya 164 ya Katiba ya India inampa Gavana kazi ya kumteua Waziri Kiongozi, kisha kuwateua mawaziri wengine kwa ushauri wake. Kwa kuwa Baraza la Mawaziri linawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge la Jimbo, Gavana hulazimika kumwita yule anayeweza kuungwa mkono na wabunge walio wengi; na panapokuwa na ubishi, kura hupigwa bungeni, kama Mahakama ya Juu ilivyosisitiza katika hukumu yake ya mwaka 1994 kuhusu shauri la Bommai, Waziri Kiongozi wa Karnataka aliyeondolewa madarakani.

Si lazima waziri awe mbunge siku anapoapishwa, ila asipochaguliwa ndani ya miezi sita mfululizo hupoteza wadhifa wake. Mamata Banerjee aliapishwa kuongoza West Bengal mwezi Mei 2021 baada ya kushindwa katika jimbo la uchaguzi la Nandigram, na kwa kuwa West Bengal haina baraza la pili la kutunga sheria ambalo angeweza kuingia badala yake, ilimbidi agombee uchaguzi mdogo wa Bhabanipur, akashinda.

Kuhusu idadi, kikomo kipo, nacho kwa maoni yangu ndicho kilichobadilisha zaidi siasa za majimbo. Zamani Waziri Kiongozi mwenye wingi mwembamba aliweza kugawa uwaziri kwa kila aliyemuunga mkono: mwaka 1997 Kalyan Singh wa Uttar Pradesh, aliyetegemea wabunge waliohama vyama vyao, aliunda baraza la watu 93. Marekebisho ya 91 ya Katiba, ya mwaka 2003, yaliweka sharti kwamba mawaziri wote, akiwamo Waziri Kiongozi mwenyewe, wasizidi asilimia 15 ya wabunge wa Bunge la Jimbo, ila wasipungue 12. Hivyo Uttar Pradesh, yenye viti 403, haiwezi kupita mawaziri 60, na Maharashtra, yenye viti 288, huishia 43. Goa ina viti 40 tu, lakini inaruhusiwa kufika 12.

Ndani ya idadi hiyo wamo mawaziri kamili, ambao ndio kiini cha maamuzi, pamoja na mawaziri wa ngazi ya chini, ambao baadhi yao hukabidhiwa wizara bila kuwa na waziri mwingine juu yao. Naibu Waziri Kiongozi hatajwi katika Katiba; kisheria ni waziri kama wengine, naye huhesabiwa.

Baadhi ya majimbo yalijaribu kukikwepa kikomo hicho kwa kuwapa wabunge vyeo vya makatibu wa bunge, yaani wabunge wasaidizi wa mawaziri, wenye hadhi na marupurupu yanayokaribia ya uwaziri. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliifuta sheria ya Assam iliyoruhusu vyeo hivyo, ikieleza kwamba Bunge la Jimbo halikuwa na mamlaka ya kuvianzisha.