Mkistaafu mkaitwa umisionari nje ya nchi, malizeni kwanza ya nyumbani

Nianze na lenyewe kabisa ili mwenye bando dogo aondoke nalo: umisionari wa wazee hauvunjikii ugenini, unavunjikia nyumbani. Mnakaa huko mnafundisha vizuri tu, watu wamewapenda, halafu simu inaingia kwamba mikorosho haijapigwa salfa, au pensheni ya mwezi huu haijaonekana, au mjukuu kaacha shule anaendesha bodaboda, na wiki hiyohiyo mmeshaanza kufunga mizigo. Nimeona wenzetu wakirudi hivyo na wala si kwamba imani iliwapungua.

Mimi nilikuwa nesi, mzee wangu mwalimu wa shule ya msingi na katekista wa siku nyingi, wote wastaafu tunaishi Masasi. Kanisa letu la Anglikana likatutuma Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa Lichinga, mzee akasaidie kufundisha makatekista na mimi nikae na akina mama kwenye mambo ya uzazi na lishe ya watoto. Watu waliposikia nje ya nchi wakadhani tunaenda Ulaya, kuna shemeji yangu aliniagiza kabisa simu. Jamani ni Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma! Na njia yenyewe wala si ngeni, maana Askofu Edward Steere aliwaleta hapa Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar mwaka 1876, na miaka michache baadaye mmisionari W. P. Johnson akatoka hapahapa kwa miguu mpaka Mwembe kwa Mataka, chifu wa Wayao, ambako leo ni ndani ya Niassa. Ila Johnson alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sisi tunaondoka na presha na magoti yanayolia tukipanda ngazi.

Sasa makaratasi. Pasipoti ni 150,000 na hiyo hela siyo shida, shida ni majina. Sisi wazee wa kusini wengi hatuna cheti cha kuzaliwa, jina la ubatizo liko hivi, la kazini hivi, la kitambulisho cha taifa cha NIDA limeandikwa na kijana aliyekuwa na haraka, na Uhamiaji wanataka yote yasome kitu kimoja. Hapo utaenda RITA kwenye vyeti vya kuzaliwa, utaenda kwa wakili kula kiapo, utarudi NIDA, kwa hiyo anzeni hayo mapema kabla hata hamjaaga kanisani, siyo mnaombewa mbele ya watu wote halafu miezi inapita mko palepale mnakutana na watu sokoni wanauliza hamjaenda tu? Na kule ukikaa muda mrefu kuna kitambulisho cha mgeni mkazi wanakiita DIRE, kanisa linalowapokea ndilo lisimamie, msikubali kuambiwa tutaona mkifika.

Pensheni nayo. PSSSF wana uhakiki wa wastaafu na usipohakikiwa malipo yanasimama, kwa hiyo kabla ya kuondoka mjue uhakiki wenu unaangukia lini na mtaufanyaje mkiwa mbali. Laini ya simu iliyounganishwa na benki msiiache droo imezimwa, laini isiyotumika muda mrefu mtandao unaifunga na ukishaipoteza ukiwa Lichinga nani atakwenda kuirudisha kwa alama zako za vidole? Yangu nilikuwa naiweka kwenye kisimu kidogo cha tochi, naiwasha, nasoma meseji, nazima.

Haya, korosho. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo ndoa na wito vinapojaribiwa. Mwezi wa sita mpaka wa nane mikorosho inatoa maua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unaingia, usipopuliza salfa kwa wakati umeshapoteza msimu hata kama unaomba usiku na mchana. Pembejeo za ruzuku anapewa mkulima aliyesajiliwa, korosho unapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinaenda ghalani, zinapigwa mnada, na hela inaingia kwenye akaunti ya mkulima mwenyewe. Sasa mkulima mwenyewe yuko Msumbiji. Wengi wanamwachia ndugu kwa mdomo, "we angalia tu shamba", na huyo ndugu msimu ukifika ana shida zake, ana mtoto wa kumpeleka hospitali, anauza kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, gunia mbili tatu, zile zinazofika ghalani kwa jina lako ni makombo, ukiuliza unaambiwa mwaka huu mvua ilikuwa mbaya. Na huwezi kumshtaki maana ni mtoto wa dada yako.

Sisi tulimpa kijana jirani ambaye si ndugu. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yeye anapalilia, anapuliza na kuokota, tukigawana baada ya mnada kwa sehemu tuliyoandika, na korosho zote zinakwenda kwa namba yangu ya usajili. Tulimpeleka kwa karani wa AMCOS akaonekana sura yake. Ndugu walinuna, wengine mpaka leo salamu zao ni za baridi, lakini mie nasema bora ndugu wanune mkiwa na shamba kuliko wacheke mkiwa hamna kitu.

Wajukuu ni habari nyingine. Bibi wa siku hizi ndiye mama, watoto wetu wako Dar wanatafuta, wajukuu wako kwetu. Binti yangu aliposikia tunaondoka alilia kwenye simu kisha akakasirika, akasema nyie wazee mnaenda kulea watoto wa watu mnaacha wa kwenu. Sikumjibu kwa maandiko. Nilimwambia waje wawachukue kabla muhula haujaanza, basi, na kweli walikuja. Ushauri wangu hapo ni mmoja tu, msiwaachie wajukuu majirani wala dada wa kazi kwa kuwa mnaona aibu kuwaambia watoto wenu wakubwa wabebe mzigo wao.

Wengi mnauliza usalama. Machafuko ya Cabo Delgado, mkoa jirani wa Niassa, yalianza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia, Palma ikavamiwa Machi 2021, na hapa kwetu Mtwara uvamizi wa kijiji cha Kitaya wa Oktoba 2020 hakuna aliyeusahau. Kwa hiyo ingawa Daraja la Umoja la Mtambaswala lipo tangu 2010 na kwa mtu wa Masasi ndiyo karibu, hatukupita huko, tulizunguka Tunduru mpaka Songea tukavukia Mkenda, na kutoka hapo ni vumbi la kutosha. Hata Niassa yenyewe upande wa Mecula uliguswa mwishoni mwa 2021, kwa hiyo msiulize mtu wa mtandaoni, wapigieni simu makasisi wa kule wawaambie wiki hii njia ipi inapitika.

Mkifika, mtu wa Mtwara na Lindi atashangaa kwanza baridi. Lichinga iko juu, mwezi wa saba unavaa sweta na soksi na bado unakaa jikoni karibu na moto. Blanketi zito ni muhimu kuliko Biblia ya pili. Chakula hakitawasumbua, ugali wanaita xima, kisamvu wanapika na karanga na nazi wanaita matapa na mimi nimekuja kukiona kitamu kuliko chetu, msiniseme. Kiyao changu kilinifungulia milango siku ya kwanza, mzee yeye ni Mmakua ikabidi achechemee mpaka tulipokwenda upande wa Cuamba, huko ndiko alikojiona mtu, mimi nikawa bubu. Kireno jifunzeni cha salamu, sokoni na hospitali, kingine kitakuja. Halafu saa zao wanahesabu kama zilivyo kwenye simu, ukiambiwa ibada saa tisa ni asubuhi, na wako nyuma yetu saa moja nzima, kwa hiyo ukisubiri umalize kazi ndiyo upige nyumbani wajukuu wameshalala.

Majirani wengi ni Waislamu. Hilo kwetu siyo jambo la kutolea semina, nani wa kusini hana shangazi anaitwa Fatuma na mjomba anaitwa Petro? Lakini kuna wamisionari wanaofika na spika kubwa wakidhani ndiyo kazi. Sisi tulienda misibani tukabeba maji na kuni, tukakaa chini na wenzetu, Ramadhani nikawa sipiki vitu vya kunukia mchana mlango ukiwa wazi. Heshima hiyo ndiyo iliyofanya akina mama waje kwenye mafunzo yangu bila kuulizwa na waume zao wanaenda kufanya nini kanisani.

Dawa. Kadi ya NHIF ya mstaafu inawatibu hapa nyumbani, kule ni mfuko wenu na kanisa. Beba dawa za presha za kutosha pamoja na boksi lake, usizimwage zote kwenye kichupa kimoja kama nilivyoona mzee mmoja amefanya, maana mfamasia wa kule anataka asome jina la dawa na miligramu. Kwenye maboksi yao imeandikwa amlodipina kwa ya presha, metformina kwa ya kisukari, utaielewa tu ukiwa na la kwako mkononi la kulinganishia. Mzee wangu ana tabia akijisikia vizuri anaacha vidonge. Nilichofanya nilinunua kiboksi chenye vyumba vya siku za wiki, kila jumapili jioni najaza, asubuhi naangalia chumba cha jana kama kiko tupu. Alilalamika kwamba namfanya mtoto. Nikamwambia sawa mtoto, meza.

Na hapo nimefika kwenye jambo ambalo makasisi hawawaambii, kukaa na mwenzako kutwa. Masasi mzee akinywa chai anaondoka, mara shambani, mara kijiweni, mnaonana mchana mkiwa mna la kuongea. Kule mmefungiwa nyumba ya vyumba viwili, kifuku kimepamba moto, barabara haipitiki, hamjui mtu, mnaangaliana. Akaanza kunifundisha namna ya kupanga masufuria! Mwanaume ambaye tangu nimeolewa hajawahi kujua chumvi inakaa wapi. Tulinuniana haswa, na tukatoka hivyohivyo kwenda kufundisha semina ya ndoa, Mungu atusamehe.

Kilichotusaidia ni kila mtu kupata watu wake. Jirani kulikuwa na mzee aliyekuwa kijana wa Frelimo, alipita Nachingwea wakati wa mapambano kabla hawajapata uhuru wao 1975, na Kiswahili chake kimegandia palepale, kila mtu kwake ni ndugu, ndugu mwalimu, ndugu mama, anauliza habari za maduka ya Nachingwea ambayo hata sisi hatuyajui. Alikuwa na bao la kuchonga mwenyewe. Basi mzee wangu alasiri anavuka barabara, nasikia kete zinagonga na vicheko, na mimi nakaa na wamama wangu tunamenya karanga. Amani ilirudi. Kwa hiyo mkipangiwa kazi, ombeni msipangiwe ileile wote wawili kila siku, na msione aibu kuomba hivyo.

Hela kule iweni waangalifu, Mtanzania anaonekana anazo. Ukimpa mmoja mkononi kesho wanakuja kumi na keshokutwa hakuna anayesikiliza ulichokuja kufundisha. Chochote tulichotaka kutoa tulipitisha kwa halmashauri ya parokia wao waamue, na kuna wakati waliamua tofauti na tulivyotaka, tukanyamaza.

La mwisho ni gumu lakini mkiwa mmevuka sitini lazima mliseme kabla ya kuondoka: nani akifa mtarudi, na mmoja wenu akifia kule itakuwaje. Kuhusu misiba ya nyumbani tulikubaliana na ndugu mapema, mama mkwe na watoto tunarudi kwa vyovyote, wengine tutatuma rambirambi na tutahani tukirudi. Tulipozikosa arobaini za watu hakuna aliyeshangaa, tulishasema. La pili tuliliongea jikoni, mzee akasema mimi nikifia hapa nizikeni hapahapa, msije mkauza shamba kusafirisha maiti. Mimi nikasema wewe baki, mimi nirudisheni Masasi nilale na mama yangu. Alicheka sana. Tuliandika hivyohivyo, nakala moja kwa kasisi wa kule, nyingine kwa mtoto wetu mkubwa, ambaye alikataa kuisoma ila aliiweka.

Kama mmeshaamua, ombeni muondoke mwezi wa tano. Mvua zimekatika njia inapitika, na salfa haijaanza kwa hiyo mnabaki na muda wa kumtembeza mwangalizi shambani kabla hamjaaga. Sisi tulizunguka na yule kijana mti kwa mti, mipaka yote, na ile mikorosho iliyozeeka tukaiwekea alama ya chokaa ili asipoteze dawa kwenye miti ambayo haizai tena.